Kisu cha Mnyama Asiye na Zizi

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, macho wazi, sijaonja hata tone la pombe, na kisu chenyewe kiko kiunoni mwangu ninapoandika.

Asubuhi moja nilitoka Singida bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu dirisha lilinivutia kuliko ubao, na tangu hapo miguu ikiniwasha naondoka. Nilipanda lori la vitunguu, nikashuka Babati. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, mji mzima unanuka saruji, wageni wamejaa kila kona. Kule Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, nikazubaa mbele ya karakana ya mhunzi aliyeitwa Baba Neema, nikimtazama anavyoigeuza springi ya gari kuwa panga.

"Kijana, unatazama bure?" akaniuliza. "Shika mivukuto, utazame huku unafanya kazi."

Nikaishika, nikapuliza moto mpaka jioni. Mkewe, Mama Neema, akanipa stoo ya nyuma nilale kati ya magunia ya mkaa. Nikakaa wiki kadhaa, nikajifunza hata kuchonga mipini.

Baba Neema alisifika kwa visu vya kuchunia. Wachunaji wa kambi za uwindaji, wale wa nyati na pofu, walimfuata kutoka mbali. Kisu cha kuchunia mnyama mkubwa si kisu cha nyanya, niamini. Bapa lake ni fupi na pana, tumbo limepinda, ncha imeinuka ili isitoboe ngozi. Na mpini haukisiwi. Mteja hupewa donge la udongo mbichi, analifinya kama anavyoshika kisu, kisha mpini unachongwa kufuata alama za vidole vyake. Palikuwa na sharti moja tu: kisu kikimponyoka mteja pale anapokipokea, hakiuzwi kwake. "Mpini umemkataa," Baba Neema alikuwa akisema, na hakuna aliyebishana naye.

Jioni moja, giza linaanza kuingia, akaja mwanamume mrefu aliyejifunika shuka nzito hadi kidevuni. Hakusalimia. Alisema anataka kisu cha kuchunia.

"Cha mnyama gani?" Baba Neema akauliza, kwa kuwa urefu wa bapa unategemea hilo.

"Mkubwa."

"Nyati ni mkubwa, pofu ni mkubwa. Yupi?"

"Anayetangatanga. Hana zizi, hana mchungaji. Akipotea hakuna wa kumtafuta." Aliyasema hayo akinitazama mimi, akinipima kuanzia utosini hadi miguuni. "Nataka ngozi nzima, isiwe na tundu."

Baba Neema akacheka. "Basi mchune huyu wangu, hata kwao hapajulikani!"

Mgeni hakucheka. Alichukua donge la udongo, akaliingiza chini ya shuka, akalifinya, akaliweka kwenye rafu. "Nitakuja kesho, saa kama hii," akasema, akaenda zake.

Asubuhi nikalichukua lile donge nianze kuchonga mpini. Wewe ungefanyaje? Palikuwa na alama za vidole vinne vifupi, vya mviringo, kila kimoja kikiwa na tundu la ukucha mbele yake. Dole gumba halikuwepo. Mimi nimelala porini mara nyingi, unyayo wa fisi simuulizi mtu.

"Labda mbwa amelikanyaga," Baba Neema alisema, lakini hakuligusa.

"Mbwa gani anafinya, Baba Neema? Tazama, limebonyea pande zote."

Akaketi juu ya kipande cha reli anachofulia chuma. "Panda basi uondoke, mwanangu. Mimi nitamtengenezea, achukue, atuache. Nina watoto."

"Na akinikuta njiani, ameshika kisu tulichompa sisi wenyewe?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nimefukuzwa sokoni, nimefukuzwa kwenye vituo vya mabasi, hayo nimeyazoea. Lakini kuchaguliwa kama mbuzi kwa sababu tu sina wa kuniulizia? Nikamwambia Baba Neema afue bapa zuri kuliko yote aliyowahi kufua, mpini aniachie mimi.

Nililifinya donge langu mwenyewe. Nina kovu la mundu kwenye dole gumba, nililipata utotoni, na hata hilo lilitokea kwenye udongo kama mstari uliochorwa. Nikachonga mpini kufuata mkono wangu, mahali pa dole gumba nikapachimba sana. Asiye na dole gumba angekishikaje? Baba Neema alilizamisha bapa likiwa jekundu kwenye oili chafu, likalia. Tukakinoa kisu mpaka kikanyoa nywele za mkono.

Jioni akaja. Baba Neema alijibanza nyuma ya mivukuto, akisali kwa kunong'ona. Mimi ndiye niliyekikabidhi.

"Karibu, mzee. Kisu chako hiki."

Mkono ukatoka chini ya shuka, umefungwa kitambaa. Ukashika. Kisu kikaponyoka, kikachoma ardhi kati yetu.

Nikakiokota. "Kimekukataa. Hakiuzwi kwako. Hilo ndilo sharti la hapa, na halijawahi kuvunjwa."

Alinisogelea. Alinuka kama mfupa uliosahauliwa juani. Sikurudi nyuma, na ncha ya kisu ilimwelekea yeye.

"Mpini umepimwa kwa mkono wa nani?" akauliza.

"Wangu."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua donge langu, lenye kovu langu, akalitia chini ya shuka.

"Hiki kipimo kinanitosha," akasema. Akavuka barabara, na upande wa pili hakuonekana tena.

Baba Neema aliniambia kisu ni changu, nami nikaondoka asubuhi, nisiwaletee balaa watoto wake.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Ukiwa fundi, mteja akijifunika wakati wa kupimwa, mfunue kwanza. Alama ya mkono wako usiiache ovyo. Na kama huna kwenu, kama mimi, asikudanganye mtu kwamba ngozi yako ni ya yeyote anayeitaka.

Leo nimeingia mji ambao sijawahi kufika. Nikatafuta nyumba ya wageni, nikaipata karibu na stendi. Mama wa mapokezi alipoona mkono wangu juu ya meza, akashangaa.

"Kumbe ndugu yako ametangulia! Yuko chumba cha mwisho."

"Ndugu gani, mama?"

"Sura hamfanani hata kidogo. Lakini mikono, jamani! Hata hilo kovu la dole gumba analo. Mlikatwa pamoja?"

Nilimwomba chumba kinachopakana na chake.

Nimeketi kitandani, mlango sijaufunga. Ng'ambo ya ukuta kuna mtu anatembea. Mkono anao. Kisu ninacho mimi.