Kufuli la Jumamosi

Ng'washi hakuwa mgonjwa, hakuwa na njaa, na hakuna aliyemfukuza kwake Ipililo, Maswa. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mtaani hawakosekani watu wanaojua habari zako kuliko wewe mwenyewe. Mumewe alipofariki, binti yake Justina, mfanyakazi wa ofisi hapa Bariadi, alikuja na gari, akapakia godoro na mabegi, akamwambia, "Mama, umelima vya kutosha. Twende ukapumzike."

Wakampa chumba cha uani chenye mlango wake na choo chake, maana mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, hata paa lenyewe liwe la vigae. Wakamwekea televisheni. Wakamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono. Jioni Justina akirudi kazini humwuliza, "Umeshindaje, mama?" naye hujibu, "Nimeshinda kwenye kiti."

Kupumzika ni neno tamu kwa mtu anayetoka kazini. Kwa mtu ambaye hana anakotoka, ni adhabu. Ng'washi alikuwa amelima pamba na viazi tangu akiwa msichana, ameuza, amegombana na wanunuzi na kucheka nao, na sasa alikuwa anaangalia televisheni ambamo watu wasiomjua walikuwa wanalia kwa mambo yasiyomhusu. Alinenepa kidogo na akawa na hasira muda wote.

Kilichomwokoa ni gulio. Kila Jumamosi, kwenye kiwanja kilicho mwisho wa mtaa ule, watu hutandika bidhaa zao chini: mitumba, vyungu, dagaa wa ziwani, mchele, dawa za ng'ombe, kuku waliofungwa miguu. Mwanzoni Ng'washi alikwenda kutembea tu. Alipita polepole, mikono nyuma kama bwana afya, akisalimia huku na huku, "Mwangaluka, mwangaluka," akichungulia kila gunia. Kwenye matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, ndipo aliposimama zaidi. Alikuwa akichukua kipande, akakitafuna, akatikisa kichwa.

"Hivi viazi ulivianika kivulini?" aliwahi kumwuliza muuzaji mmoja.

"Kama unajua sana, mayu, lete vyako," akajibu yule, akimwita mama kwa Kisukuma.

Basi akaleta. Akaagiza viazi vitamu kwa ndugu zake wa Ipililo, akavichemsha, akavimenya, akavikata, akavianika juu ya bati la banda la kuku mpaka vikawa vigumu na vitamu kwa pamoja, vya kutafuna na karanga au na chai. Akajitafutia nafasi pembeni mwa Milembe, mwanamke wa makamo anayeuza vyungu, na kabla ya msimu kwisha alikuwa na wateja wake. Alijaza kopo mpaka likafanya kilima, kisha akaongeza konzi juu. Asiyenunua naye alionjeshwa. Nyumbani alikuwa mama yake Justina. Gulioni alikuwa Ng'washi, na aliyemchokoza alipewa jibu lake hapo hapo.

Justina aliyaona matobolwa juu ya bati, lakini hakujua kama yanauzwa. Jumamosi alikuwa na vikao vyake, na mama alikuwa amerudi kabla ya magari kuingia. Alikuja kujua kwa kuambiwa, na mambo ya kuambiwa huwa hayana adabu.

Ijumaa moja jioni alikuja uani bila kuvua viatu vya kazini.

"Mama, ni kweli unauza matobolwa gulioni? Umekaa chini, kwenye gunia?"

"Sasa nikalie nini? Kiti chenu nikikibeba mtasema nimekiiba."

"Sitanii, mama. Goodness wa ofisini amekuona. Ananiambia mbele ya watu, eti kuna bibi gulioni mnafanana kama pacha. Unajua nilivyojisikia?"

"Ukamwambiaje?"

Justina akainama kuvua viatu. Alikuwa msomi, lakini hakuwa mwongo mzuri, na mama yake alimjua tangu anatambaa.

"Nilimwambia simjui," akasema. "Nilisema labda ni watu wa Maswa tu, wanafanana. Ningesemaje, mama? Watu watasema tumeshindwa kukulisha!"

Ng'washi alihisi maumivu ya kweli, si ya maneno. Alikuwa amemzaa mtoto huyu peke yake shambani mvua ikinyesha, akamfunga kwa kanga yake, akaja naye nyumbani kwa miguu. Na leo mama hajulikani! Lakini hakulia. Machozi aliyamaliza msibani. Akakunja gunia lake taratibu, akaliweka juu ya debe la matobolwa.

"Kesho ni Jumamosi," akasema. "Nitakwenda."

"Hutakwenda, mama."

"Wewe lala, tutaonana."

Kesho yake asubuhi Justina aliamka kwenda kwenye mafungo ya akina mama wa parokia. Watoto walikuwa bweni, dada wa kazi alikuwa kwao Nkoma. Akafunga geti kwa kufuli kubwa la shaba, kisha, kupitia vyuma vya geti, akamkabidhi ufunguo mumewe, Constantine. Alijiona amepiga hesabu kali sana. Mama hawezi kwenda kumwomba mkwe wake ufunguo. Mkwe na mama mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawatazamani usoni, hawabishani; wakikutana njiani mmoja hupisha mbali. Kwa hiyo ufunguo ukiwa mfukoni mwa Constantine, ni sawa na kuwa mwezini.

Ila Justina alifikiria upande mmoja tu, na hilo ndilo kosa la watu wanaokumbuka mila pale zinapowafaa.

Ng'washi alitoka na debe lake, akalikuta geti limefungwa. Alilishika kufuli, akalipima uzito, akaliachia. Ng'ombe ndiye hufungiwa zizini, akajisemea, na hata ng'ombe asubuhi hufunguliwa akale. Akageuka kuangalia nyumba. Akaona pazia la sebuleni linacheza. Basi akatandika gunia lake pale pale katikati ya geti, akakaa, akanyoosha miguu, akapanga makopo yake mbele ya vyuma.

Mtaa ule ndio njia ya kwenda gulioni. Wa kwanza kupita alikuwa Luhaga, fundi baiskeli wa jirani.

"Mwangaluka, mayu. Mbona leo upo ndani?"

"Mwangaluka. Nimefungiwa," akajibu Ng'washi kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni. "Wananipumzisha. Unataka kopo moja au mawili?"

Luhaga akacheka, kisha akaona kufuli, akaacha kucheka. Akapokea matobolwa yake kupitia kwenye vyuma. Nyuma yake akaja mwanamke wa mchele, akaja kijana wa bodaboda na abiria wake, wakaja waliotaka kununua na waliotaka kuona tu. Kila mmoja aliuliza, na kila mmoja Ng'washi alimjibu sawasawa, bila kupunguza neno: nimefungiwa. Jua lilipopanda kidogo, mbele ya geti la Constantine palikuwa na watu kuliko mbele ya duka.

Na Constantine? Huyo sasa ndiye wa kuonewa huruma. Siku hiyo alikuwa mshenga. Rafiki yake alikuwa anapeleka posa Nyashimo, na msemaji wao alikuwa yeye, mtu mwenye ulimi wa asali ambaye angeweza kumshawishi mzee yeyote atoe binti yake. Suti ilikuwa mwilini, gari limeoshwa, simu inaita kila mara, "Uko wapi bwana?" Na katikati ya geti amekaa mama mkwe wake, miguu imenyooka. Kumruka hawezi. Kupita ubavuni mwake hawezi. Kumwambia asogee, ndiyo kabisa hawezi.

Akampigia mkewe. "Mwambie atoke getini," Justina akanong'ona kutoka kwenye mafungo.

"Nimwambie mimi? Justina, una akili wewe?"

Mwisho akatoka nje, akachuchumaa mbali karibu na banda la kuku, uso akiuelekeza ukutani, akaanza kuzungumza na jogoo.

"Wewe jogoo, mimi nina safari. Watu wananisubiri. Laiti njia ingekuwa wazi."

Ng'washi hakugeuka. Akazungumza na kufuli.

"Wewe kufuli, hata mimi nina safari. Hata mimi watu wananisubiri."

"Jogoo," Constantine akasema, jasho likimtoka ndani ya suti, "kufuli hili sikufunga mimi."

"Kufuli, aliyekufunga namjua. Lakini ufunguo hauko kwake."

Nje ya geti watu walikuwa kimya wakisikiliza, na mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Constantine alikuwa mtu mwema. Alimheshimu mama mkwe huyu, tena alikuwa anakula matobolwa yake kwa siri tangu yaanze kuanikwa juu ya bati lake. Na katika ule uchuchumaaji aliona aibu, aibu kubwa kuliko ya mke wake na ofisi yake: mtu mzima amefungiwa nyumbani kwake, na yeye ndiye bwana ufunguo. Akainuka, akauweka ufunguo juu ya jiwe katikati ya uwanja, akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya banda.

"Jogoo," akasema kutoka huko, "ufunguo huu hautarudi mfukoni mwangu tena."

"Wabeja," akashukuru Ng'washi. Hilo hakumwambia kufuli.

Akaenda, akauchukua, akafungua geti mwenyewe. Akabeba debe lililobaki nusu, akaondoka na kundi zima nyuma yake mpaka gulioni. Milembe alikuwa amemwekea nafasi kwa kupanga vyungu. Ng'washi akatandika gunia, akakaa.

Justina alifika saa sita. Alikuwa ameacha mafungo katikati, na habari alizipata njiani kwa kila aliyekutana naye, kila moja imeongezwa chumvi yake. Akapita kati ya mitumba na dagaa, visigino vikizama kwenye mchanga, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, inuka twende. Umenidhalilisha mtaa mzima."

"Nani kakudhalilisha? Kufuli nilinunua mimi?"

"Nilikuwa nakulinda!"

"Ulikuwa unajilinda." Ng'washi alimtazama binti yake moja kwa moja. Sauti yake haikupanda, ila ilitetemeka, na hakuona sababu ya kuificha. "Nakula kwako, nalala kwako, nashukuru. Lakini sikuja Bariadi kufichwa. Nikikutia aibu, nirudishe Ipililo leo hii, nitakwenda na gunia langu. Nikibaki, Jumamosi ni yangu. Chagua mwenyewe, hapa, watu wakisikia."

Justina alitazama kopo lililofanya kilima, na mikono ya mama yake iliyokuwa imepasuka upya kwa kumenya viazi. Alitaka kukasirika, akashindwa kujua amkasirikie nani.

Milembe alikuwa anapangusa chungu muda wote huo, masikio yamesimama. Uvumilivu ukamwishia.

"Mayu," akamwuliza Ng'washi, "huyu dada ni nani wako?"

Ng'washi alijaza kopo la mteja, akaongeza konzi juu.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Jana alikuwa hanijui."

Wauzaji wa karibu wakageuka. Justina alisimama pale na mkoba wake. Kisha akasema, chinichini, kama mtu anayeungama:

"Ni mama yangu."

"Sema kwa nguvu," Ng'washi akamwambia. "Gulio lina kelele."