Niliambiwa Zibua, Mimi Nikaziba, na Sasa Mzee wa Watu Yuko Ndani

(Aliyetuletea haya ametusihi tusitaje jina lake wala nyumba anayofanya kazi, nasi tumemkubalia. Msomeni, na mumjibu kwa upole.)

Sijui miaka yangu barabara, lakini reli ilipofika hapa Dodoma nilikuwa nimeshazaa mara mbili, kwa hiyo nikadirieni thelathini. Ni Mgogo wa Zuzu, mjane. Kiswahili nimejifunza ukubwani, huku mjini, na hicho Kiswahili ndicho kilichoniponza. Anayeniandikia ni dada mmoja aliyesoma misheni, nimemwapisha asiseme kwa mtu.

Ninaosha vyombo na kufagia kwa Mdachi mmoja, bwana wa reli. Kazi nilitafutiwa na mpishi wake, mzee wa Kiislamu wa hapa hapa mjini. Nitamwita Mzee Feruzi, ingawa si jina lake. Mtu mwema huyo, jamani! Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananitania kwa lugha ya kwetu, "Mbukwa, mwanangu!" kwa matamshi yake ya ajabu mpaka nacheka. Wanangu wameshiba kwa ukoko wa sufuria zake.

Nyumba ile ina bafu ndani. Maji ya bafuni na ya jikoni yanakutana kwenye bomba moja la udongo lililofukiwa uani, yanatokea kwenye shimo lililofunikwa nyuma ya nyumba. Haya nayajua leo, wakati ule sikuyajua. Mwezi uliopita maji yakaanza kusuasua: ukimwaga beseni yanasimama, yanatoa mapovu, ndipo yanakwenda. Bwana akamwagiza mzee ashughulikie, mwenyewe akapanda gari moshi kwa safari ya siku mbili.

Asubuhi ile Mzee Feruzi akaniambia akiwa mlangoni, kapu mkononi, "Mwanangu, mimi naenda sokoni. Ukimaliza vyombo, zibua lile bomba kule shimoni. Chukua ufito mrefu."

Haki ya Mungu, mimi nilisikia ziba. Na kwa nini nisisikie ziba? Juzi yake nyoka alikuwa ameonekana bafuni, tumekimbizana naye nyumba nzima! Nikasema kumbe mzee anataka kumfungia nyoka njia. Nikajiuliza, sasa maji yatapita wapi? Nikajijibu mwenyewe, mjinga mimi, kwamba Wazungu wana njia zao. Kwetu kwenye tembe maji machafu tunamwaga nje, ardhi inakunywa, basi.

Nikachimba udongo wa kichuguu, nikaukanda na majani makavu na mavi ya ng'ombe, vile vile tunavyokandika nyumba. Nikafunua shimo, nikausukuma ndani ya bomba kwa ule ufito, nikashindilia mpaka jasho likanitoka. Mzee aliporudi akauliza, "Tayari?" Nikamjibu tayari. Akanisifu! Nami nikavimba kichwa. Bwana hayupo, vyombo vichache, maji machache ya jikoni yakajikusanya bombani bila mtu kujua.

Bwana alirudi kesho yake jioni, akaoga maji mengi. Maji yakapanda. Yakatoka bafuni, yakaingia chumba chake cha kazi, na huko sakafuni alikuwa ametandaza michoro yake ya reli, karatasi kubwa kubwa. Zote zikalowa uchafu. Alipiga kelele hata nikaangusha sahani.

Mzee Feruzi akahangaika. Akamwaga maji ya moto yenye magadi, wapi! Akachokoa na waya kutoka bafuni, wapi. Akaenda jikoni, akakuta na huko maji yanarudi. Akasema, "Kama yanarudi kote kuwili, basi kizuizi kiko mbele ya pale yanapokutana." Akaenda kufunua shimo. Kavu! Akatia mkono kwenye bomba, akatoa donge la udongo lenye majani. Akalitazama, kisha akanitazama mimi. Mzee yule amekaa na Wagogo maisha yake yote, udongo wa kukandika tembe anaujua.

Bwana akaja juu, "Nani amefanya hivi? Amefanya makusudi! Nani?" Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, sauti haikutoka. Mzee akasema, "Kazi hii uliniagiza mimi, bwana. Utamuuliza nani mwingine?" Askari wakamchukua mpaka boma la serikali, wakamfungia. Anangojwa Bwana Shauri, yule Mdachi anayekata kesi, arudi kutoka ziarani, na kila mtu mjini anasema ni hamsa ishirini, viboko vyote ishirini na vitano. Mzee yule ana kifua, akipanda ngazi tatu anakohoa. Hatavimaliza akiwa mzima.

Juzi nilimpelekea uji. Askari wa mlangoni akaniuliza, "Una shauri gani hapa?" Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nikasema, "Sina shauri, nimeleta uji tu." Nilijichukia, nilijichukia kweli! Mzee akanywa, akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Wewe wakikufunga, watoto wale watalelewa na nani?" Nikalia mbele ya watu. Mama yangu naye ananiambia nifunge mdomo, eti mwanamke hachapwi viboko lakini mnyororo atatiwa shingoni. Nikilala naona wanangu, nikiamka naona mgongo wa mzee.

Wakati naondoka aliniita nirudi. Akaniagiza kitu kimoja tu, samli kidogo, ya kumpaka mgongoni siku hiyo ikishapita. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi.

Samli nimeipata, iko hapa kwenye kibuyu. Bwana Shauri anatazamiwa mwezi ukiandama. Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkitaka, lakini msikae kimya kama mimi: niipeleke samli, au niende boma kabla haijahitajika, niseme ni mimi?