Mama Alivyolisugua Sanduku

Mama yangu ndiye aliyeniponza. Mpaka leo nikisema hivyo naona aibu, kwa sababu alifanya ambacho mama yeyote wa Kibena angefanya.

Nilikuwa nimetoka Johanesbagi, kwenye machimbo ya dhahabu. Wakati huo wa Mwingereza, waliotuandikisha kazi walituchukua na kuturudisha kwa ndege. Watu wa Njombe waliniuliza habari za ndege, hakuna aliyeniuliza habari za shimo, nami sikuwa na hamu ya kuzieleza. Nilikuwa nimenunua cherehani ya mkono, nikaifunga ndani ya blanketi katika sanduku la bati. Nia yangu ilikuwa moja tu: nitashona nguo kwenye baraza la duka pale mjini, shimoni sirudi tena.

Ndege ilipotua Mbeya nilikabidhiwa sanduku limebonyea ubavu mzima, bawaba moja imeng'oka. Nililifungua palepale uwanjani. Shingo ya cherehani ilikuwa imekatika. Mtu wa mizigo aliangalia, akasema madai yanapokelewa na wakala wao wa Makambako, niende huko na sanduku lenyewe likakaguliwe. Yeye hakuandika kitu.

Nilifika nyumbani kwa lori siku ya Jumamosi. Mama alilia, kisha akauliza nitalipeleka lini. Nikamwambia Jumatatu. Basi akaanza kazi. Kwetu mtu haendi ofisini na kitu kichafu. Hata mgonjwa anayepelekwa hospitali ya misheni huogeshwa kwanza, akavishwa nguo safi. Alimwita mjomba, ambaye alikuwa mhunzi, naye akaligonga bati kutoka ndani mpaka ubavu ukanyooka, akarudishia na bawaba. Mama akalisugua kwa majivu na mchanga. Karatasi ya ndege iliyobandikwa kwenye kifuniko aliibandua kwa maji moto, maana ilikuwa imechanika na kuchakaa.

Mimi nilikaa nikiota moto, maana baridi ya Njombe nilikuwa nimeisahau. Nilimwona akifanya yote hayo. Nikamsifu. Mimi, niliyefika darasa la nne.

Kule Makambako karani wa wakala alikuwa Mbena mwenzangu. Tulisalimiana vizuri kwa lugha yetu, kisha akahamia Kiswahili, nikajua sasa ni kazi. Nilimwonyesha cherehani. Akapitisha kiganja ubavuni mwa sanduku, taratibu, akalizungusha.

"Ndugu yangu, sanduku hili halijaguswa," akasema. "Chuma kivunjike ndani, bati libaki limenyooka? Na karatasi ya ndege iko wapi?"

Nikamweleza habari za mama na mjomba. Alicheka, na wala hakucheka kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. Alisema ananiamini, hata mama yake angefanya vilevile, lakini Mzungu aliye juu yake hataamini, na yeye hawezi kuandika asichokiona.

Niliporudi nyumbani ningeweza kusema wamekataa tu, nikanyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia mama kila kitu, mpaka ile karatasi aliyoibandua. Alichukua mtungi akaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Mjomba alijaribu kuiunga shingo ya cherehani mara mbili. Haikushika.

Baada ya mavuno nilirudi Makambako, chumba kilekile, kwa maana karani aliyepokea madai ndiye pia aliyeandikisha watu wa machimboni. Nikatia dole gumba kwenye mkataba wa kurudi shimoni, ingawa kuandika nilijua. Sikutaka jina langu likae pale mara ya pili. Karani akabandika karatasi mpya kwenye kifuniko, akaipigapiga kwa kiganja.

"Sanduku safi hili," akasema. "Litafika salama."

Asubuhi ile mama alikuwa amelisugua tena. Safari hii sikumsifu.