Toleo Lililoijua Saa ya Lubumbashi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kompyuta ya hospitali, mkuu wa huduma, mwanamume mkavu asiyependa salamu ndefu, alinionyesha saa ya ukutani, kisha skrini. Skrini ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

“Mama, hii mashini iko nafikiri tuko Kinshasa,” alisema. “Mu kila programu, ongeza saa moja. Ukisahau, batoto batakunywa dawa en retard.”

Kosa halikuwa letu. Lugha ya programu tuliyoitumia, yaani ile ya kuielekeza kompyuta la kufanya, iliipa Kongo yote saa ya Kinshasa, nasi wa Lubumbashi tuko mbele yao. Bila nyongeza yetu, kengele ya dawa katika wodi ya watoto ingechelewa. Kila toleo jipya la lugha ile lilipotoka, nilisoma orodha ya makosa yaliyorekebishwa kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe katika matokeo ya mtihani wa taifa. Hatukuwamo. Niliwaandikia watengenezaji mpaka nikachoka, nikanuna, nikaandika tena.

Nilipokaribia kustaafu, tukawamo. Mstari mmoja tu: Lubumbashi imepewa saa yake. Nilicheka peke yangu ofisini.

Mkurugenzi wa hospitali naye alifurahi. “Weka leo, Mama. Tulingoya sana.”

“Papa Directeur, hapana leo,” nilimjibu. “Tukiiweka na ile saa yetu ingali mule, itaongezwa mara mbili. Kengele italia mapema, mutoto atapewa dawa ingine mbele ya wakati.”

Akakunja uso, lakini akanipa muda. Nikapekua programu moja baada ya nyingine nikifuta nyongeza, nyingine zangu, nyingine za wenzangu waliokwisha kufa. Nilimwogopea mtoto nisiyemjua, ambaye mstari mmoja uliosahaulika ungemdhuru nikiwa nimeshajipumzikia nyumbani, mtaa wa Katuba.

Siku ya kuliweka toleo, Ma Sœur, mtawa mkuu wa wodi ya watoto, alisimama kando yangu mle wodini akitazama saa yake ya mkononi. Kengele ikalia.

“Njo saa yenyewe,” alisema, saa yake na kengele zikiwa sawa, akaenda kuwapa watoto dawa. Nikakaa kwenye kitanda kitupu, nikamshukuru Mungu.

Ninyi vijana mnaoanza kuandika programu mtawaonyesha watu kazi mlizoandika. Mimi nikipita hospitalini sina cha kuonyesha. Kazi niliyoilinda miaka yote ile niliifuta kwa mkono wangu. Watoto wanapata dawa kwa wakati, na aliyekalia kiti changu hajui kwamba tuliwahi kuishi kwa saa ya watu wengine.