Mama Malisho na Waya wa Masukulu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mraba wa nondo, mita moja kila upande, nikaambiwa niutupe. Nikauweka taratibu palipokuwa na maua mengi, ili nionekane nina akili. Afisa Malisho wa kituo chetu cha Tukuyu, mama mfupi aliyevaa buti za mvua mwaka mzima, akauokota na kunirudishia.

"Umechagua. Geuka, utupe nyuma yako bila kuangalia."

Nikautupa. Akaniuliza naona nini ndani yake. Nikasema majani.

"Majani!" akafoka. "Hata ng'ombe anajua zaidi ya hapo."

Ndivyo nilivyoanza kuwa msaidizi wa malisho. Nyinyi mnaoanza leo mna simu inayopiga picha jani na kulitaja jina. Sisi tulipiga magoti kwenye tope tukahesabu kila aina ya mmea iliyoangukia ndani ya ule mraba, hata iliyo fupi kama ukucha. Mraba wenye aina nyingi ni malisho yenye afya. Ukijaa aina moja tu, hata iwe imenawiri vipi, mambo yameharibika. Mama Malisho, ndivyo tulivyomwita, alinifundisha haya huku mvua ikitunyeshea, na sijapata kuona mtu anayependa nyasi kama yeye. Wiki ya kwanza nilimwogopa. Baada ya hapo ningemfuata popote.

Alinipeleka Masukulu, kwenye mteremko wa malisho ya kijiji. Palikuwa na okidi za porini, maua ya manjano na jamii za kunde zinazotambaa. Pembeni, mradi fulani uliopita ulikuwa umepanda nyasi ngeni za kulishia ng'ombe wa ndani, wale wa maziwa wanaokatiwa majani na kuletewa bandani. Wanakijiji waliziita nyasi za mradi. Zilikua upesi ajabu, na zilikwisha kutoroka shambani kuingia mteremkoni. Ndizo tunazoita nyasi vamizi: zinatanda, zinaziba jua, na mimea midogo inakufa chini yake.

Mama akaamua kuuokoa mteremko. Akauzungushia waya, ng'ombe wasiingie na moto usiwashwe. Meneja wa Kanda, bosi wake, alifurahi mno. Alileta wageni, wakapiga picha getini.

"Huu ndio mfano wa kuigwa," akawaambia.

Mvua za mwaka uliofuata tuliingia na mraba wetu. Ndani ya waya nyasi za mradi zilikuwa zimefika kiunoni, na chini yake hamna kitu. Nje, kando ya njia walikopita ng'ombe wakila hapa na pale, okidi zilikuwa zimesimama. Mama alipiga magoti upande huu, akahamia upande ule, akarudia tena. Mwishowe akakaa chini kwenye maji.

"Ng'ombe walikuwa wanazila zingali changa," akasema. "Tumewafungia nje waliokuwa wanatusaidia."

Mwingine angenyamaza, maana picha zilishapigwa na sifa zilishatolewa. Yeye alimpigia simu Meneja wa Kanda palepale. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu lake.

"Ukiukata huo waya, hicho kituo utakiacha."

Jioni ile tulikwenda kwa Tata Ambokile, mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote pale, ambaye hakuwa akitusalimia tangu waya uwekwe. Mama akachuchumaa mbele yake kama binti wa nyumbani, akaanza kwa heshima ya Kinyakyusa, kama anayesema na baba yake.

"Ndaga, tata. Nimekosea. Naomba ng'ombe warudi."

"Uliwafukuza mbele ya watu, leo unakuja kuwaomba kimyakimya?" mzee akasema. "Watarudi. Ila waya ukaukate wewe mwenyewe, mwanangu, watu waone."

Aliukata kesho yake, kijiji kizima kikitazama. Hakuna aliyecheka. Kisha yeye na Tata Ambokile wakapanga utaratibu: ng'ombe waingie nyasi zikiwa changa, watolewe maua yakianza kutunga mbegu, warudi mbegu zikishaanguka. Mashina magumu yaliyowashinda ng'ombe tuliyang'oa kwa jembe.

Uhamisho ulimfikia kabla hata okidi moja haijarudi. Alipelekwa mkoa mwingine, kwenye ofisi isiyo na hata bustani. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Nimefanya kazi chini ya maafisa wengine, nikahamishiwa hadi Kawetele, na walikuwa watu wema. Lakini kila msimu wa mvua nilirudi Masukulu. Mteremko ulipona taratibu, ingawa si wote. Kule chini karibu na kijito nyasi za mradi bado zinatawala. Nilipostaafu, vijana wa ofisini waliniuliza tulitumia dawa gani. Nikawaambia tulitumia mwanamke mmoja aliyekubali kukosea hadharani. Wakadhani nimeanza kuzeeka.

Mwaka huu okidi zilipochanua nilipanda mteremko, nikampigia Mama simu ya video. Magoti yake hayamruhusu tena kusafiri.

"Ondoa uso wako, nione majani," akasema.

Nikaishusha simu. Akaanza kuyataja moja moja kwa sauti ya chini, ng'ombe wakipita nyuma yangu. Ghafla sauti ikaanza kukatikakatika. Nikadhani ni mtandao, kumbe analia.

"Mama?"

"Nipo. Rudi nyuma kidogo. Hilo la manjano umelikanyaga."