Nilimwita mama yangu "conservative", na kilima chetu hakipo tena

Wakuu, wa rika langu sidhani kama mpo humu, hivyo marahaba kwenu nyote. Nasimulia niliyoyafanya mwenyewe, sipunguzi kitu.

Jana nimeona uzi unauliza maana ya neno conservative. Mimi nililijua enzi za Mwingereza, nikiwa sekondari. Mwalimu alisema ni mtu anayeogopa mabadiliko na kushikilia ya kale. Nikalipenda.

Nikarudi nalo Mbinga, baba akiwa ameshafariki.

Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Mwanaume hufyeka majani na kuyalaza yakikatizana kama nondo za dirisha. Mwanamke huyafunika kwa udongo, katikati yanabaki mashimo ya kukamata maji. Kilima kinasimama, mvua haiondoki na udongo.

Mama akaniambia, "Majani yamekauka. Baba yako hayupo, nani atayalaza?"

"Mama, wewe ni conservative."

"Ndiyo nini hiyo? Ugonjwa?"

"Ni mtu wa kung'ang'ania ya kale."

Akacheka. "Basi niite hivyo hivyo, ila kalaze majani."

Sikuyalaza, niliyachoma moto. Nikapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, kama ya bustani ya shule, nikapanda maharage. Bustani ile ilikuwa tambarare, wakuu. Hilo halikunijia kichwani. (Leo mngeniita msomi wa mchongo.)

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Kila tuta likawa mfereji. Asubuhi ya tano tulikuta mwamba mtupu. Maharage na udongo vimeingia mtoni.

Mama hakufoka. Alisema tu, "Udongo wa baba yako umekwenda ziwani."

Njaa ilipobana alishuka Mbamba Bay, kando ya ziwa hilo, kulimia watu mihogo, alipwe kwa mihogo. Homa ya huko ilimkuta hajaizoea. Nilipopata habari nikashuka, Wanyasa wa watu, wenyeji wa pale, walikuwa wameshamzika.

Miaka mingi baadaye nilifungua kamusi. Neno lile asili yake ni Kilatini: kutunza kitu kisipotee.

Mwalimu hakunidanganya, alinipa nusu. Nusu nyingine alikuwa nayo mama, na hakuhitaji Kilatini.

Mzazi akikukataza jambo, muulize kwanza linazuia nini. Mimi niliuliza mvua.

Aliyewahi kumdharau mzazi kwa sababu ya shule aje hapa chini aseme. Na wa kunilaumu karibuni, nitasoma zote.