Pastory, Senta wa Makuli

Kwenye maziko ya Pastory, hapo Katubuka, mkewe Leonia alikuwa akisubiri neno moja tu: mtu aseme kwamba marehemu alicheza mpira wa kikapu, na alicheza vizuri. Wasifu ukasomwa. Kazaliwa Simbo, kapakia mizigo bandarini, kaacha watoto wanne. Basi. Ya uwanjani hayakuguswa.

Wanasema kizuri chajiuza. Uongo mtupu. Miaka ya themanini Pastory alikuwa senta wa timu ya makuli, na kazi yake ilikuwa kulinda chini ya kikapu. Mpinzani akiinua mpira, mkono wa Pastory ulishafika. Lakini timu ikishinda, desturi yao ilikuwa kumzawadia samaki, kuhe mzima, aliyefunga pointi nyingi. Leonia hakuwahi kumpika kuhe huyo hata siku moja. Mumewe alirudi na viwiko vilivyochunika, akaomba maji ya moto, akalala.

Wanamichezo wakapewa nafasi ya kusema. Akasimama Jeremia, mfungaji wa timu ile ile. Leonia akajiweka sawa kwenye mkeka, akatega sikio. Mwamba ngoma huvutia kwake: Jeremia akasimulia fainali dhidi ya Ujiji, alivyomhadaa huyu, alivyompita yule, mpaka kikapu cha mwisho. Watu wakatabasamu. Jina la marehemu alilitaja mara moja tu, pale alipomwombea apumzike kwa amani. Leonia aliumia sana, akajifunika uso kwa khanga.

Kaburi lilikwisha kufukiwa alipofika Mzee Haruna wa Ujiji, anachechemea na fimbo yake. Katika fainali ile, yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la Ujiji.

"Pole, shemeji. Bajaji imetuharibikia njiani." Akautazama udongo mbichi. "Mpaka leo watu wananisifu kwa kutupia kikapuni toka mbali. Mimi sikupenda kutupia mbali. Nilikuwa namkimbia Pastory. Ukiingia chini ya kikapu chake, umekwisha. Sijaona mlinzi kama yule, si hapa, si Tabora, hata Dar."

Ndilo neno alilolingoja tangu asubuhi. Leonia alipumua, kisha akamgeukia.

"Uliwahi kumwambia?"

"Sikumwambia. Nilidhani anajua."

"Hakujua, shemeji," alisema Leonia. "Amekufa akiamini alikuwa mrefu tu."